Kunyoa kichwa cha ibada: kwa kinyozi unayeanza kazi Dodoma

Mteja akikaa kitini akasema "kipara", usiwashe mashine bado. Muulize ni cha nini. Kipara cha ibada kina masharti, na sharti la dini moja ni kosa kwenye nyingine.

Tazama sanamu ya Mtakatifu Antoni kanisani: utosi mweupe, nywele zimezunguka kichwa kama taji. Hivyo ndivyo watawa wengi wa Kikatoliki walivyonyolewa kwa karne nyingi. Papa Paulo wa Sita aliondoa kunyolewa kwa wanaoingia daraja la ukleri mwaka 1972, agizo likaanza Januari 1973. Kwa hiyo frateri, yaani anayesomea upadre, akija leo, mkate nywele kawaida. Watawa wa Kibuddha hunyoa zote. Kanuni yao ya zamani hairuhusu nywele kuzidi miezi miwili au upana wa vidole viwili. Kwa Waislamu, kunyoa sehemu na kuacha sehemu kumekatazwa na Mtume, basi usithubutu kumkata denge mtoto wa akika, sherehe ya Kiislamu ya mtoto mchanga, hata bibi yake akiona inapendeza.

Akika ndiyo itakayokupima. Hufanywa siku ya saba tangu mtoto azaliwe, mara nyingi utaitwa nyumbani. Chukua wembe mpya, kitambaa cheupe na maji ya uvuguvugu. Mtoto awe ameshanyonya, mama au bibi amshike kichwa kwa viganja viwili. Pale utosini mifupa haijaungana, utaona ngozi inapanda na kushuka kwa mapigo ya moyo. Hapo laza wembe, usikandamize, fuata nywele zinakoelekea. Sabuni usitumie: nywele hukusanywa zikapimwa, na thamani ya madini ya fedha ya uzito huo ikatolewa sadaka. Povu likizigandia, uzito unadanganya. Zikiwa mbichi pia zinadanganya, kwa hiyo zikauke kwanza. Ni gramu chache tu, mizani ya dukani haizisomi. Waelekeze kwa sonara.

Kwa mtu mzima, anza na mashine namba sifuri, kisha taulo la moto dakika mbili au tatu, halafu povu na wembe. Hapa kwetu maji mengi ya kisima yana chumvi na povu halishiki. Ukipata ya mvua yatunze kwa kazi hii. Upepo wa Juni hadi Agosti hukausha povu kabla hujamaliza, basi paka robo ya kichwa, nyoa, ndipo upake robo nyingine. Kisogoni usinyoe kinyume: nywele iliyokatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Ukiona mapunye, weka wembe chini umwelekeze hospitali, hata kama sherehe ni kesho. Wembe ni wa kichwa kimoja tu, kwa sababu homa ya ini na VVU hupita kwenye tone la damu usiloliona.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, wenye Idi ya kuchinja, ukiandama, Waislamu wanaokusudia kuchinja hawakati nywele wala kucha mpaka wachinje. Siku hizo usiwabembeleze waingie. Wengi watakuja Idi yenyewe, baada ya kuchinja, kwa pamoja. Nunua nyembe mapema na usifunge saluni mchana.