Mtoto Anaposhuka Basi la Shule

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa darasa la kwanza hulazimika kuvuka barabara akishushwa na basi la shule, naye hutimua mbio mara tu mlango unapofunguliwa. Nimfundishe nini?

JIBU: Hatari kubwa haimo ndani ya basi bali kando yake, kwa kuwa dereva aliyeketi juu hamwoni mtoto mfupi aliye karibu na bampa au gurudumu la nyuma. Akishuka, atembee pembeni mwa barabara hadi awe mbele ya basi kwa takriban mita 3, amtazame dereva usoni, na asivuke mpaka apewe ishara. Hata hapo, akifika usawa wa ubavu wa basi asimame tena achungulie, maana wenye pikipiki hawasubiri kila mara. Asipite nyuma ya basi kamwe. Daftari au kiatu kikiangukia uvunguni, asiiname kukiokota kabla ya kumwambia dereva. Kamba za begi zinazoning'inia zifupishwe, kwani hunaswa mlangoni. Nawe msubiri upande uleule anaoshukia, kwa sababu mtoto akimwona mzazi wake ng'ambo husahau yote aliyofundishwa. Afadhali zaidi, iombe shule ihamishe kituo ili asivuke kabisa.