Kukimbia huku mkiokota taka Kampala: anzeni na gari, si viatu

Umeuliza jinsi ya kuanzisha kikundi cha watu 12 wa kukimbia na kuokota taka Kampala, Jumamosi asubuhi. Wengi wamekujibu viatu na fulana. Mimi nakuuliza: magunia yakijaa yanakwenda wapi?

Erik Ahlström alipoanzisha mchezo huu Stockholm mwaka 2016, alikuwa katika mji wenye mapipa njiani. Hapa mtabeba mpaka mwisho. Gunia likiachwa barabarani eti "gari litapita", kaloli, wale korongo wakubwa wanaokula taka, watalipasua, mvua ya mchana isukume kila kitu mtaroni, kisha mfereji wa Nakivubo, kisha Ziwa Victoria. Mtakuwa mmehamisha taka tu. Kwa hiyo kabla ya kutangaza siku, mwoneni mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, na wabeba taka wa eneo hilo, mkubaliane mahali na saa ya kuchukua magunia. Chupa za plastiki zitengeni tangu mwanzo: wanunuzi huzipima kwa kilo, na hawataki zenye maji wala mchanga.

Chupa: fungua, mwaga, kanyaga, rudisha kizibo. Usipomwaga, nusu lita ni nusu kilo, na chupa kumi ni kilo tano mgongoni. Yenye maji ya njano msiifungue kamwe, huo ni mkojo. Iingie kwenye gunia la taka kama ilivyo, pamoja na pampasi.

Kwa watu 12 magunia 8 ya saizi ya kilo 50 yanatosha. Leteni glavu nene za mpira pea 14, koleo ndefu 4 za kubania taka, jerikeni ya maji na sabuni, na chombo kigumu chenye kifuniko cha kutilia sindano. Sindano haishikwi kwa mkono hata ukiwa na glavu. Zile glavu nyembamba za hospitali acheni, kizibo kimoja cha bia kinazichana.

Fanyeni kazi wawili wawili, mmoja akiokota na mwenzake akibeba, mkibadilishana kila dakika 10. Mbebaji naye abadilishe mkono, la sivyo kiuno kitajipinda upande mmoja. Wanaoamka Jumapili na maumivu ya mgongo mara nyingi ni wale walioinama miguu ikiwa imenyooka. Chuchumaa, au piga hatua ndefu ushushe goti la nyuma. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Gunia likifika kilo sita hivi, mbio zimekwisha, tembeeni.

Njia iwe kilomita 4, Jumamosi ya kwanza hata 2. Mkichagua kilima cha Naguru au Kololo, pandeni mbio mikono mitupu, muokote mkishuka kwa kutembea. Taka nyingi ziko chini, kwenye mitaro na stendi za boda boda, na gari liwasubiri huko huko. Mtaroni msiingie; vuteni kwa koleo mkiwa ukingoni. Msianze kabla ya saa moja: gizani vioo havionekani, na kundi linalokimbia na magunia alfajiri linaweza kuitiwa wezi.

Haya, fulana. Rangi yoyote, isipokuwa njano na nyekundu, ambazo ni rangi za vyama vya siasa. Mkivaa hizo, nusu ya mtaa itadhani ni kampeni, na nusu nyingine itauliza pesa zinagawiwa wapi.