Nendeni wawili, tangu siku ya kwanza

Siku za elimu kwa umma huwa najitolea kwenye meza ya taasisi ya afya ya uzazi iliyotuhudumia mimi na mume wangu. Wanaokuja mezani wengi ni wanawake, na wengi huja peke yao. Mwanamke ana bahasha nene ya vipimo: homoni, ultrasaundi, pengine hata picha ya mirija ya uzazi. Nikimuuliza mwenzake amepima nini, mara nyingi jibu ni kwamba bado hajapima chochote. Inaniuma, maana upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto, na kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko karibu vyote anavyopitia mke.

Sisi tulipima kwa pamoja. Majibu ya mume wangu yalitoka nikiwa bado nasubiri siku zangu za kupigwa picha ya mirija, na ndiyo yaliyobadili mpango mzima wa daktari. Bila majibu yale ningechomwa sindano za kukuza mayai bila sababu.

Muda wa kwenda unaeleweka: mkikutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa mwaka mzima na mimba haijaingia, nendeni. Mwanamke akiwa amefika miaka 35, miezi sita inatosha. Na kama hedhi hukosekana kwa miezi, au mmoja wenu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa nyonga au wa korodani, msisubiri hata hiyo sita. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani, kwa hiyo hapo mapokezini hamtakuwa wageni.

Kwenye kipimo cha manii nitakaa kidogo, kwa sababu huharibika kwa mambo madogo. Mwanamume asimwage kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kupima; chini au zaidi ya hapo majibu hupotosha. Atumie kichupa alichopewa na maabara, bila mafuta ya kulainisha wala mate, na asitumie kondomu ya kawaida, kwani mara nyingi ina vitu vinavyodhuru mbegu. Taasisi ikiwa na chumba maalumu, atumie hicho. Akitolea nyumbani, kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa kwenye mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili, wala si kwenye barafu. Na kama tone la mwanzo limemwagika, aseme bila aibu, maana sehemu ile ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi.

Majibu yakiwa mabaya mara moja, bado si hukumu. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu kukomaa na kutoka, hivyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo. Daktari mzuri atarudia. Ila mwanamume anayetumia testosteroni, yaani homoni ya kiume, ili ajenge misuli amwambie daktari ukweli wote: dawa hiyo huuambia ubongo usimamishe kazi ya korodani, na mbegu zinaweza kuisha kabisa.

Kwako dada, jambo moja ambalo wengi hulikosa. Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, huitwa cha siku ya 21 ya mzunguko, lakini hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kinatakiwa kufanyika siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Mzunguko wako ukiwa wa siku 35, pima siku ya 28, la sivyo utaambiwa yai halipevuki kumbe linapevuka. Picha ya mirija nayo hupigwa damu ikishakata, kabla yai halijatoka. Uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu.

Mkifika kwenye mazungumzo ya kutungisha mimba maabara, ulizeni swali hili kwa maneno haya haya: kati ya wanawake wa umri wangu walioanza mzunguko wa matibabu hapa, wangapi wamerudi nyumbani na mtoto? Kipimo cha mimba kuonyesha chanya ni kitu kingine, na kiwango cha mafanikio kinachohesabiwa kwa hicho huonekana kikubwa kuliko hali halisi. Taasisi makini itajibu kwa umri, bila kukwepa.

Hizi siku za elimu kwa umma msizidharau. Hapo utampata daktari au muuguzi kabla hujafungua faili, na maswali mengi huandikwa kwenye karatasi bila jina. Nimeshuhudia vijana wakijua hapo kwa mara ya kwanza kwamba klamidia, ugonjwa wa zinaa, inaweza kuziba mirija bila dalili yoyote, ilhali hutibika kwa antibayotiki ikigunduliwa mapema. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 aulize pia kuhusu chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi.

Na kila majibu mnayopewa, ombeni nakala yenye tarehe. Mkihamia kwa daktari mwingine hamtaanza upya.