Injini ya pili si spea

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina leseni ya ndege ya injini moja na sasa natafuta pesa ya kusomea injini mbili. Nimetazama video kuhusu B-26 Marauder, ndege ya mabomu ya Wamarekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanasema iliwaua vijana mazoezini huko Florida kabla hawajamwona adui, hadi ikapewa jina la "mtengeneza wajane". Ninachoshangaa, ilikuwa na injini mbili, tena kubwa. Moja ikizimika, si unarudi na ya pili? Au ilikuwa na kasoro iliyofichwa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, kijana. Kasoro zilikuwepo, na wala hazikufichwa, nitazigusa. Lakini hapo uliposema "si unarudi na ya pili" ndipo palipojaa makaburi. Maneno hayo nayasikia kwa wanafunzi, kwa abiria, hata kwa watu wanaomiliki ndege zao wenyewe. Wote wanaihesabu injini ya pili kama tairi la spea.

Injini za Marauder zilikaa moja kila bawa, mbali na mwili. Ya kushoto ikifa, ya kulia haina habari; inaendelea kuvuta kwa nguvu zake zote. Ni mkokoteni wa punda wawili ambao mmoja ameanguka: yule mzima hakufikishi sokoni, anauzungusha mkokoteni. Kinachoizuia ndege isizunguke ni usukani wa mkia unaoukanyaga kwa mguu, na usukani huo unaishi kwa upepo unaoupitia. Mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani, kanyaga pedali mpaka mwisho, haukusaidii tena. Pua inazidi kuzunguka, bawa la upande wa injini mfu linashuka, ndege inalala chali. Ukiwa mita hamsini juu ya maji huna nafasi ya kurekebisha chochote. Na iliyokupindua ni ile injini nzima, ile uliyotegemea ikurudishe nyumbani.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Injini moja ikizimika unapoteza nusu ya nguvu, sawa. Ila nguvu nyingi za injini hutumika kuifanya ndege ibaki hewani tu. Kupanda kunatokana na ile ziada. Ukiondoa nusu ya jumla, ziada karibu yote inakwenda. Ndiyo maana tunafundisha kwamba uwezo wa kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Ukiacha magurudumu nje, au pangaboi lililokufa likiachwa lizunguke na upepo badala ya vile vyake kugeuzwa vikate hewa kwa ukingo, hata hicho kilichobaki hukioni. Ndege inashuka huku injini moja ikinguruma vizuri kabisa.

Sasa mchukue kijana mwenye saa chache za kuruka, mweke kwenye Marauder. Kampuni ya Glenn L. Martin ya Baltimore ilipewa oda mwaka 1939 kwa michoro tu, bila ndege ya majaribio, na ya kwanza kuruka ilipaa Novemba 1940. Ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney R-2800 zenye silinda 18 kila moja. Bawa lilikuwa fupi, mita 19.8 kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu jeshi lilitaka kasi. Bawa fupi kwenye ndege nzito maana yake unaruka kwa mwendo mkali na unatua kwa mwendo mkali: kukaribia uwanja kulitaka kilomita 240 hivi kwa saa. Wengi walizoea ndege za mafunzo zilizosamehe makosa. Wakikaribia kutua mkono wao wenyewe ulirudisha nguvu nyuma, kwa mazoea, na mwendo ukapotea.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa sekunde chache baada ya magurudumu kuacha ardhi. Ndege iko hewani, lakini bado haijafika mwendo ambao usukani unaweza kuishikilia kwa injini moja. Katika pengo hilo, injini ikikohoa, jibu sahihi ni moja tu, nalo ni chungu: punguza nguvu ya ile iliyo hai, shusha pua, tua mbele yako popote palipo. Kijana aliyeambiwa kwamba injini ya pili itamrudisha anafanya kinyume. Anaivuta pua juu na kuongeza nguvu.

Na injini zilikohoa kweli. Hapa ndipo kasoro zinapoingia, na karibu zote zina mkono wa mtu ndani yake. Mapangaboi ya Curtiss yalibadilishwa pembe ya vile vyake kwa mota ya umeme. Mafundi wageni, waliofunzwa haraka kama marubani wenyewe, walijaribu mifumo ya ndege ardhini kwa betri badala ya kuunganisha jenereta ya nje. Betri ikichoka, rubani anaanza kuruka, vile havipangiki, injini inazunguka kupita kiasi na haivuti tena. Hapo umepoteza injini ambayo kiufundi haijafa. Juu ya hayo ndege ilikuwa inaongezewa bunduki na vifaa kila toleo, na uzito ulipanda.

Kwenye uwanja wa MacDill, karibu na Tampa, marubani walikuwa na utani kwamba ndege moja kila siku huzama kwenye ghuba. Utani huo umetiwa chumvi, na video zenu zinausoma kama takwimu. Lakini ajali zilikuwa nyingi kiasi cha kumfanya Seneta Harry Truman na kamati yake waichunguze ndege hiyo mwaka 1942, na pakawa na hoja ya kuacha kuitengeneza kabisa. Bawa likarefushwa hadi mita 21.6. Wanaopenda hadithi nyepesi huishia hapo: bawa fupi liliua, bawa refu likaokoa. Hawakuambii kwamba uzito nao uliongezeka, kwa hiyo kila mita ya bawa ilibaki imebeba mzigo uleule, au karibu na uleule.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mafunzo. Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, alimtuma rubani Jimmy Doolittle, yule aliyeongoza shambulio la Tokyo la Aprili 1942, akaangalie kama ndege inafaa. Doolittle alijibu kwa vitendo mbele ya marubani waliokuwa wakiiogopa: aliruka nayo, akazima injini moja wakati wa kupaa, akageuka kuelekea upande uleule wa injini aliyoizima, akazunguka, akatua. Kugeukia upande wa injini mfu ndiyo ilikuwa mwiko mkubwa kambini. Mwiko wenyewe ni uzushi nusu. Ukiwa na mwendo wa kutosha unageuka upande wowote unaotaka. Ukiwa huna mwendo, hakuna upande salama. Baadaye, huko Dodge City, Kansas, wanawake wa WASP, kikosi cha marubani wanawake wa kiraia, walifundishwa kuirusha Marauder, wakaitumia kuvuta shabaha za mazoezi. Ndege ileile.

Vitani nako kuna mtu wa kulaumiwa, na si bawa. Tarehe 17 Mei 1943 Marauder 11 ziliondoka Uingereza kwenda kupiga Uholanzi, IJmuiden na Haarlem, zikiruka chini kabisa. Moja iligeuka njiani. Kumi zilizoendelea hazikurudi hata moja. Wakubwa wakabadilisha mbinu, wakazipandisha kwenye mita 3,000 na zaidi pamoja na ulinzi wa ndege za kivita, na hadi mwisho wa vita upotevu ulikuwa chini ya nusu ya asilimia moja ya safari. Mojawapo, Flak-Bait, ilimaliza safari zaidi ya 200. Wasimulizi wa "mtengeneza wajane" huiruka sehemu hii kwa sababu haitishi.

Ukitaka ndege ya injini mbili iliyokuwa mbovu kweli, itazame Avro Manchester ya Waingereza. Injini zake za Rolls-Royce Vulture zilikuwa na matatizo, na ikiwa na mzigo haikuweza kushikilia kimo kwa injini moja. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942, Leslie Manser, rubani wa miaka 20, alipigwa juu ya Cologne, injini moja ikashika moto. Aliirudisha hadi Ubelgiji ikishuka taratibu, akaishikilia isipinduke mpaka wenzake waruke kwa miavuli, yeye akafa nayo. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kifo. Wahandisi wa Avro hawakubishana na hesabu. Waliondoa zile Vulture mbili, wakaweka Merlin nne kwenye bawa refu zaidi, ikawa Lancaster.

Vita ni mbali, najua. Ila ajali hizo hazikuhitaji adui: ndani ya Marekani peke yake, jeshi la anga lilipoteza karibu watu 15,000 kwenye ajali za ndege za aina zote kati ya mwishoni mwa 1941 na katikati ya 1945. Na hatari ya injini moja kuzimika bado tunayo hapa kwetu. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Arusha zaidi ya 1,300, na wewe wa Mwanza uko zaidi ya 1,100. Hewa ni nyepesi, mchana wa joto inazidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapumua kama mtu mwenye pumu. Ndege nyingi ndogo za pistoni zenye injini mbili zilitengenezwa chini ya kanuni ambazo hata hazikudai ziweze kupanda kwa injini moja. Fungua kitabu cha ndege, nenda kwenye ukurasa wa injini moja, weka kimo cha uwanja wako na nyuzi 30 za joto. Mara nyingi utakuta namba inayokuambia utashuka.

Halafu kuna watu wanaouza mafunzo ya injini mbili ya wikiendi. Mwanafunzi anazimiwa injini akiwa juu sana, ndege nyepesi, watu wawili tu ndani, anaishikilia vizuri, anapigwa picha, daftari linasainiwa. Hajawahi kuambiwa kwamba mstari mwekundu kwenye kipima mwendo, ule wa mwendo ambao chini yake usukani hauishikilii ndege kwa injini moja, ulipimwa ndege ikiwa imeinamishwa kidogo kuelekea injini hai, na kwamba asipoinamisha, mwendo wa kupinduka unakuwa mkubwa kuliko mstari unavyoonyesha. Wala kwamba kimo kikipanda mstari huo unashuka, wakati mwendo ambao mabawa yanaacha kubeba haushuki, kwa hiyo mazoezi mahali pa juu yanaweza kukuangusha ndege ikizunguka kama pia, bila onyo. Mwalimu wa aina hiyo simwiti mwalimu. Ni muuza saini.

Wewe ukienda kusoma, kabla ya kila kuruka sema kwa sauti mambo matatu: mwendo ambao chini yake nikipoteza injini nafunga zote mbili na kutua mbele, mwendo wa mstari wa buluu, ule wa kupanda vizuri zaidi kwa injini moja, nitakaoulinda nikishapita hapo, na kitabu kinasema nini kuhusu uzito wa leo na joto la leo. Mkufunzi akikuambia hayo ni ya wazee, omba pesa yako iliyobaki.