Joto la digrii 31, na ile nyumba ya mama

Ile picha niliyotuma Julai kutoka huku Uingereza, nimekaa kitandani miguu iko ndani ya karai la maji kwa joto la digrii 31, naona mpaka leo mnaitumiana mcheke. Kaka yangu aliandika, "Digrii 31? Huku hiyo si ni baridi ya asubuhi?" Mtoto wa shangazi akasema nimeshakuwa mzungu, kisha akatuma sauti ya dakika mbili ya kicheko kitupu. Shangazi naye, kwa upole wake, akauliza kwani huko hakuna viyoyozi, maana yeye anavyosikia kila nyumba imepewa kimoja na umeme unalipwa na serikali.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa kazini, halafu nikanyamaza kwa sababu nilikasirika. Sasa ni Septemba 2025, nimevaa sweta, leo sina zamu. Nitawajibu wote kwa pamoja, na msinikatize.

Shangazi, shikamoo. Kiyoyozi hakuna. Kuna feni ya paundi ishirini ambayo wiki ya joto haipatikani dukani. Nyumba za huku zilijengwa kupigana na adui mmoja tu, baridi. Zulia ukuta kwa ukuta, kioo juu ya kioo dirishani, joto likiingia halijui pa kutokea. Mimi nakaa Leeds, chumba cha juu kabisa chini ya paa, katika zile nyumba zinazoegemeana migongo. Yaani ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa jirani. Walijengewa wafanyakazi wa viwanda zamani, na Leeds wakaendelea kuzijenga hadi miaka ya 1930, miji mingine imeshaacha kitambo. Mlango wa nyuma hakuna. Uani hakuna. Madirisha yote yako upande mmoja, kwa hivyo upepo hauna njia ya kupita. Unachungulia tu unarudi.

Halafu hilo jua. Kwetu jua lina adabu, saa kumi na mbili na nusu limeaga, watu wanatoka barazani. Huku Juni na mwanzo wa Julai linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu na nusu usiku bado liko dirishani linakuangalia. Karibu saa kumi na saba kwa siku, juu ya paa la vigae vyeusi vya mawe. (Wenzangu waliofunga Ramadhani za Juni, 2016 na 2017, wakinihadithia nabaki mdomo wazi.) Chumba hakijapoa, limesharudi. Ndiyo maana 31 ya huku siku ya nne si 31 ya kwetu Likoni, Mombasa. Kaka, wewe ukiona joto unatoka nje. Mimi nje ni ngazi tatu za zulia, na kesho natakiwa niamke saa kumi na nusu.

Mwaka huu si mimi peke yangu niliyelalamika. Idara yao ya hali ya hewa imetangaza kwamba kiangazi cha 2025 ndicho cha joto kuliko vyote tangu waanze kuweka rekodi za nchi nzima mwaka 1884. Na Julai hapa mkoani kwetu Yorkshire walipiga marufuku mtu kumwagilia bustani kwa mpira wa maji. Mwaka mmoja kabla sijafika, tarehe 19 Julai 2022, kijiji kinaitwa Coningsby kilifika 40.3. Siku zile lami ya uwanja wa ndege wa Luton ilivimba, reli zilipinda, nyumba ziliungua pembeni mwa London. Kiangazi kile, siku za joto ziliondoka na karibu watu 3,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee.

Na wazee ndiyo kazi yangu, hiyo mnaijua. Msiyoijua ni namna ninavyoifanya. Naenda nyumba kwa nyumba, nusu saa kwa huyu, robo saa kwa yule. Nguo ya kazi ya polista, juu yake aproni ya plastiki, mikononi glavu. Muda wa kutembea kutoka mlango hadi mlango haulipwi. Sheria ya nchi hii haina kiwango cha juu cha joto ambacho mtu akikifikia aachishwe kazi. Kuna mwongozo wa baridi tu, kwamba ndani pasishuke chini ya digrii 16. Siku ya picha ile nilimwomba mtoto wa mteja mmoja maji ya kunywa. Aliniletea kwa kikombe cha karatasi. Wao walikuwa wakinywa kwa glasi. Nilikunywa, nilikuwa na kiu.

Basi mnicheke, lakini mjue mnachokicheka.

Sasa niwaambie la bi kizee wangu mmoja wa miaka 87, maana yeye ndiye aliyenifungua macho. Wiki ile ya joto nilimkuta amevaa sweta la sufu, madirisha wazi yote saa saba mchana, jua linamwagika sebuleni. Wazungu jua likitoka hufungua kila kitu, kana kwamba ni mgeni wa heshima. Na maji hanywi. Wengi hawanywi. Mwili ukizeeka kiu haisikiki vizuri, na wanaogopa kunywa kwa sababu choo kiko ghorofani na magoti yamekwisha. Tena wengine wana vidonge vya kukojoza vya presha na moyo. Hivyo ndivyo joto linavyomuua mzee, kimyakimya, amekaa kwenye kiti chake.

Nikafunga madirisha ya upande wa jua, nikashusha mapazia, nikalowesha kitambaa nikamwekea shingoni. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa nyanya yangu. Akacheka, akaanza kunihadithia 1976. Kwao ndio mwaka wa joto wa hadithi, kila mzee anao wa kwake. Kuanzia tarehe 23 Juni hadi 7 Julai, siku kumi na tano mfululizo, hapa au pale Uingereza kipimo kilipita digrii 32. Mvua ilikataa. Wadudu wale wekundu wenye madoa meusi wakazagaa mpaka wakawa wanauma watu. Yeye wakati huo alikuwa Devon na watoto wawili, maji ya nyumbani yamekatwa, wanapanga foleni na ndoo kwenye bomba la mtaani. Mwisho wa Agosti serikali ikamteua waziri wa ukame, Denis Howell, na siku chache tu baadaye mvua ikanyesha hadi mafuriko.

Alivyokuwa akiisimulia ile foleni, mngedhani ni vita. Mimi nimeshika beseni, nawaza mikokoteni ya madumu pale kwetu, na bei ya dumu siku mfereji unapokauka. Sikumwambia kitu. Kila mtu na aachiwe mwaka wake.

Lakini nilipotoka pale, kwenye basi, ile kauli ya "nimejifunza kwa nyanya" haikunitoka. Kwa sababu nilikuwa nimejifunza nini hasa? Kumbukeni ile nyumba ya nyanya. Udongo na miti, chokaa juu yake, makuti. Ukifungua mlango wa mbele unaona moja kwa moja ukumbi mpaka uani, vyumba kulia na kushoto, upepo unaingia barazani unatokea jikoni. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, joto linapanda juu linakwenda zake. Mtungi kwenye pembe umefukizwa ubani, kata juu yake. Kaskazi ikikaza, Januari na Februari, kazi ni za alfajiri, mchana mtu halazimishi mambo, usiku mikeka inatoka nje chini ya mwarobaini. Hatukusema tunapambana na joto. Tulikuwa tunaishi tu.

Ile nyumba niliibomoa mimi.

Msiniambie ni mafundi. Pesa ni zangu na ramani niliichagua mimi, kwenye simu, ndani ya basi, Januari, theluji iko nje na vidole havishiki. Nilichokitaka ni madirisha makubwa ya vioo, jua liingie mpaka kwenye kochi. Mnaelewa? Nilimjengea mama Likoni nyumba ya mtu anayeona baridi Leeds. Mabati ya maruni kwa sababu ndiyo yalikuwa yakipendeza kwenye picha. Ukuta wa nyuma umesimama mpakani kabisa na uwanja wa jirani, hauna hata tundu, ili tusipoteze futi nne za kiwanja. Mwarobaini mkaukata lori la mawe lipite, na mimi nikasema kateni. Dari nikasema itafuata. Haijafuata, kwa sababu mwaka ule kodi ya chumba changu ilipanda.

Februari mama alipoanguka, jirani ndiye aliyemmwagia maji na kumpeleka zahanati. Simu yangu ilikuwa kwenye begi, kazini hatuishiki. Nilikuwa kwa mzee mmoja najaza fomu, maana huku tunaandika kila anachokunywa mtu. Siku hiyo niliandika mililita 1,200 kwa mama wa watu. Nilizipata habari jioni, kituoni, watu wananipita.

Na jirani huyohuyo ndiye aliyeniambia jambo ambalo nyinyi mmenificha. Mama halali ndani. Akishaona taa za watu zimezimwa anatoa mkeka anajilaza nje ya mlango, alfajiri anaukunja. Lakini akija mgeni mchana humkaribisha sebuleni, anafunga mlango ili mgeni aone makochi na mapazia, wanakaa humo wakitiririka jasho, na anasema, "Hii ni nyumba ya mwanangu." Kaka, umelijua hilo tangu lini?

Haya, ya kuniudhi nimeyasema. Sasa ya maana.

Mtoto wa shangazi, nimesikia kuna ajenti amekuambia ulete pesa akupatie viza ya kutunza wazee Uingereza. Hiyo njia ilifungwa tarehe 22 Julai 2025 kwa anayeombea kutoka nje. Usimpe hata shilingi, na kama umeshampa nenda polisi kesho. Hata ilipokuwa wazi, tangu Machi 2024 aliyeingia kwa njia hiyo hakuruhusiwa kuja na mke wala watoto. Usije. Nakwambia kama dada. Utakuwa mtu wa kunywea kikombe cha karatasi. Lakini pia maliza ile stashahada yako ya uuguzi, ufanye mtihani wa Kiingereza, uje kwa karatasi safi na kazi yenye jina, maana nisipokuwa huku dawa za mama zinanunuliwa na nani? Nikisema usije, naye anayekula mshahara wa huku ni mimi, najua inavyosikika. Basi fanya akili yako. Ila huyo ajenti, hapana.

Kaka, Desemba si mbali, na kaskazi haingoji mtu. Nimeweka kando pesa ya dari. Hii si ya simenti ya geti, wala ya deni lako. Nataka dari ya mbao nyembamba, na juu yake paachwe matundu pande zote mbili ili joto la mabati litoke. Rudishieni makuti, nilikuwa nataka kusema, halafu nikakumbuka ule mwaka moto ulivyoruka kutoka paa hadi paa, na vile mama alivyokuwa akikinga sufuria kila masika. Basi mabati yabaki. Pakeni chokaa nyeupe juu, maruni niache niikose kwenye picha. Madirisha ya magharibi myawekee mapazia mazito na yafungwe kuanzia saa nane, hata mgeni akija. Pandeni mwarobaini mwingine. Najua utachukua miaka. Pandeni tu.

Vile vidonge vya mama vya presha, kuna kimoja cha kukojoza, nimeona picha ya kipakiti. Msimwachishe wenyewe. Mpelekeni kwa daktari kabla ya Desemba, mkamuulize siku za joto kali anywe vipi na maji anywe kiasi gani. Na hiyo siku nitalipa mimi teksi, asipande matatu ya saa saba mchana.

La mwisho ni ukuta wa nyuma. Ongea na jirani, mpe chochote atakachotaka, mwambie nitampigia mwenyewe. Halafu tafuta fundi atoboe dirisha upande ule, mkabala na mlango wa mbele kabisa, upepo upate kupita kama ukumbini kwa nyanya. Mama atakataa kutoboa nyumba ya mwanawe. Akiuliza, mwambie ni fundi wa umeme.