Umeme kwanza, kisha diski, kompyuta mwisho

Wadogo zangu mnaoanza, mnaoniita Yaya, yaani mkubwa wenu, karibu kila wiki mmoja wenu ananiuliza swali lilelile: "Yaya, ninunue kompyuta gani niigeuze seva ya nyumbani?" Seva ni kompyuta inayokaa imewaka usiku na mchana, ikiwapa wengine mafaili. Nami ninamrudishia swali: kwenu umeme unakatika mara ngapi kwa siku, na ukirudi, unarudi vipi? Wengine wanacheka, wanadhani ninakwepa. Hata mimi ningecheka mwaka ule nilipoanza.

Nilianza kinyume. Pesa yote niliyokuwa nimeweka niliimaliza kwa kompyuta ya mezani, ile yenye sanduku kubwa, kwa sababu machoni pangu seva ilikuwa lazima ifanane na seva. Ilidumu majuma matatu. Kadutu tunakoishi, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nyumba zimebanana mlimani, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu anawasha jiko lake, taa zinakuwa nyekundu kama mkaa unaozima. Mashine ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, mara nne, mara tano kwa jioni moja. Siku ya mwisho umeme ulirudi kwa kishindo, nikasikia kama mtu anapiga kidole, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme ndicho kilichokufa, kikaondoka na bodi.

Baadaye nikakaa na kalamu. Sanduku lile lilikuwa linakula wati 80 hivi hata likiwa limekaa bure. Zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 30: karibu kilowati-saa 58 kwa mwezi. Laptopu kuukuu, skrini ikiwa imezimwa, inakula wati 10 hadi 15. Hata tukihesabu 15, ni kilowati-saa 11 hivi. Lakini si bili tu. Geuza chaja ya laptopu usome maandishi madogo ya nyuma: utakuta imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Maana yake ni kwamba umeme wa mtaa ukishuka hadi 150 jioni, chaja inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukikatika kabisa, betri inapokea. Laptopu imezaliwa na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, tumboni, na wewe hujalipa senti ya ziada.

Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta laptopu ambayo wengine hawaitaki. Skrini iliyopasuka, kibodi iliyokosa herufi tatu, kifuniko kilichovunjika bawaba. Fundi anayejua hataiuza kama kompyuta atakubali muiongelee bei, na seva haihitaji skrini baada ya siku ya kwanza. RAM ya gigabaiti 4 inatosha kuanzia, 8 ni raha. Mimi ninapenda ThinkPad za zamani kama X240 au T450, kwa kuwa zina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Kabla ya kulipa, iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au sehemu ya kugusia kipanya ikiwa imeinuka, betri imevimba. Hiyo usiilete nyumbani mpaka betri itolewe, hata kama ni ya bure. Na kwa kuwa mashine itakuwa kwenye chaja usiku na mchana, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80. Kwa ThinkPad programu ya TLP inafanya hivyo kwa mstari mmoja.

Mfumo: Debian, aina mojawapo ya Linux, bila mazingira ya picha. Sitabishana na mwenye kupenda kingine. Mambo mawili ya laptopu mniandikie pembeni. La kwanza, kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko seva yako inalala usingizi. La pili ndilo ninalowapa wote kama zoezi lao la kwanza la kweli. Andika amri hii:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity

Itakujibu namba moja tu, mfano 74. Hiyo ni asilimia ya betri. Sasa andika skripti ya mistari michache: kama chaja haina umeme na namba imeshuka chini ya 20, zima mashine kwa utaratibu. Ipe cron, kile kinachoendesha kazi kwa ratiba, iiendeshe kila dakika mbili. Kwa zoezi hilo dogo umejifunza kwamba Linux inakuonyesha vifaa kama faili, umejifunza sharti, umejifunza kazi za kujirudia, na umeokoa diski yako. Mfumo wa ext4, ambao Debian inapangia mafaili kwenye diski, una daftari lake la kuandika mabadiliko kabla ya kuyafanya, ndiyo maana mara nyingi unaamka salama baada ya kukatika ghafla. Lakini daftari hilo linalinda mpangilio wa mafaili. Faili ulilokuwa katikati ya kuliandika halina wa kulilinda. Na mashine ikiisha kuzimika, nani ataiwasha? Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Linux haijaanza, ya ThinkPad nyingi kuna chaguo la kuwaka yenyewe umeme ukirudi kwenye chaja. Lipekue mapema.

Halafu kuna radi. Ninyi mliokulia hapa mmezizoea, hamzihesabu. Waliozihesabu wapo: utafiti uliotolewa mwaka 2016, kwa data za setilaiti ya TRMM za miaka 16, uliiweka Kabare, hapa hapa jirani yetu, nafasi ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mvua ya Septemba ikianza, hiyo si takwimu tena.

Mimi nilikuwa nimejilinda upande mmoja tu. Nilikuwa nimenunua stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, na kila wingu likinguruma ninachomoa plagi. Usiku mmoja nilichomoa kama kawaida, nikalala. Asubuhi laptopu inawaka vizuri, ila tundu lake la kebo ya mtandao limekufa, na swichi ndogo ya mtandao iliyokuwa kati yake na antena ya intaneti ya juu ya bati imekufa pia. Umeme haukupita ukutani. Ulipita kwenye kebo ya mtandao iliyokuwa inashuka kutoka kwenye bati, shaba ya mita kumi na tano, hadi kwenye mashine yangu. Tangu siku hiyo seva yangu inaongea na ruta kwa Wi-Fi tu. Najua, kwenye mafunzo yote wanasema seva iunganishwe kwa kebo, na kwa kasi wana haki. Lakini hewa haipitishi mshtuko kama shaba. Ninakubali nusu ya kasi. Mwenye kifaa kimoja tu na asiye na pesa ya kingine afikirie hilo kabla ya kuvuta kebo kutoka juu ya nyumba.

Ruta nayo ipewe betri yake. Kuna vile visanduku vidogo vinavyotoa volti 9 au 12. Seva inayopumua kwa betri huku ruta imezimika ni sawa na duka lililofunguliwa upande ambao hakuna mlango.

Diski sasa. Hapa ndipo pesa yenu iende, na hapa ndipo nilipolizwa vibaya kuliko pote. Nilinunua mjini diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 2, nyepesi, bei ya kufurahisha. Nikaiunganisha, kompyuta ikasema ndiyo, terabaiti 2. Nikahamishia picha zote za familia, pamoja na za msiba wa bibi. Miezi miwili baadaye ninafungua picha: majina yapo, ukubwa upo, ndani giza. Ndani ya kasha mlikuwa na kadi ndogo ya gigabaiti 32 iliyofundishwa kudanganya. Ikijaa, inaendelea kupokea na kutupa. Mwenye duka aliniangalia kama mtu aliyechelewa sana kulalamika, na kweli nilikuwa nimechelewa.

Dawa yake ipo na ni ya bure: programu inaitwa F3. Unaendesha f3write, inaijaza diski yote kwa mafaili ya majaribio, kisha f3read inayasoma tena na kukuambia ni kiasi gani kimerudi salama. Kwa diski kubwa inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Iache imalize. Kwa diski iliyotumika lakini ya kweli, muulize muuzaji kama utaijaribu palepale, uendeshe smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski. Usihangaike na orodha yote. Angalia namba 5, sehemu zilizohamishwa, na namba 197, sehemu zinazosubiri uamuzi. Namba 197 ikiwa si sifuri, rudisha diski mezani na ushukuru. Namba 9 itakuambia saa ilizofanya kazi. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika. Diski ya nje iunganishwe moja kwa moja kwenye laptopu, siyo kupitia kile kigawanyi cha matundu ya USB cha bei rahisi, maana umeme ukiwa haba inatoka na kurudi, tik, tik, na kila tik ni hatari.

Kosa langu jingine lilihusu diski ya nje niliyonunua baada ya hiyo, ya kweli. Niliiandika kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kufungua, ili ijifungue yenyewe mashine ikiwaka. Nikasafiri Uvira. Siku ya pili mdogo wangu wa kike ananipigia.

"Yaya, ile mashine yako inaandika maneno tu, haifunguki."

"Maneno gani?"

"Inasema kuna kazi inaanza, na inahesabu. Imefika moja na nusu, sasa inaomba neno la siri."

Nikamuuliza waya mweusi wa diski uko wapi. Kimya kidogo. Alikuwa ameuchomoa ili achaji simu.

Debian iliingojea diski sekunde 90, haikuiona, ikaingia hali ya dharura na kukataa kuendelea. Kukosa neno moja, nofail, linaloiambia mashine iendelee hata diski ikikosekana, kwenye mstari ule kulifanya nyumba nzima ikose picha na masomo hadi niliporudi. Liandikeni. Na diski muitambulishe kwa UUID yake, yaani namba yake ya kipekee, siyo kwa jina kama sdb, kwani leo ni sdb, kesho umechomeka kingine imekuwa sdc. Kama laptopu ni kuukuu sana, badilisheni pia ile betri ndogo ya mviringo ya saa. Ikifa, mashine inaamka ikidhani tuko miaka ya nyuma, na kila tovuti salama inakataliwa, nawe unalaumu mtandao.

Kitu gani cha kuweka juu yake? Wengi mnakimbilia Docker na mambo makubwa wiki ya kwanza. Mimi ninasema Samba, ya kushirikishana mafaili ndani ya nyumba, kwa picha na hati, halafu Kiwix. Kiwix inakupa Wikipedia nzima katika faili moja, isomwe bila intaneti. Faili la Kifaransa lenye picha ni makumi ya gigabaiti, lipakue usiku kwa wget -c, ambayo ikikatika inaendelea pale ilipoishia, au kwa torenti. Unalipia megabaiti mara moja. Baada ya hapo simu yoyote ndani ya nyumba inafungua anwani ya seva na kusoma. Watoto wa majirani wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wanakuja kukaa kwenye ngazi zetu jioni, na Wi-Fi yetu haina hata salio. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuilipia laptopu. Mkiwa marafiki watano mnaojifunza Debian, ongezeni apt-cacher-ng: wa kwanza anapakua, wanne wanachukua kutoka kwenye seva.

Kuifikia kutoka nje, acheni kwanza. Kwa modemu ya simu, mara nyingi huna anwani yako ya umma; mnashirikiana wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona ruta imepewa anwani inayoanza na 100.64, ndicho hicho. Siku mtakapohitaji kweli, Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, inapita hapo bila kufungua tundu lolote.

Nakala ya akiba sijaisahau. Diski mbili ndani ya laptopu moja si akiba. Diski mbili ndani ya chumba kimoja pia, kwetu Kadutu, ambako moto ukianza kwa jirani unafika kabla ya maji, bado si akiba. Diski yangu ya tatu inakaa kwa shangazi, mtaa wa Nguba, kwenye kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa plastiki. Imefungwa kwa neno la siri kwa LUKS, kwa hiyo hata ikiibiwa mwizi amepata chuma. Jumapili ya kwanza ya mwezi ninaenda kula kwake, ninaichukua, ninaendesha rsync, programu ya kunakili mafaili, nyumbani, jioni ninairudisha. Kila mara ninachagua picha moja bila kuangalia, ninairudisha kutoka kwenye diski ile na kuifungua. Mwezi uliopita ilikuwa shangazi mwenyewe, amevaa kitenge cha harusi ya binti yake. Nilimwonyesha kwenye simu. Akaniuliza kwa nini zile nyingine simpelekei.