Sindano za vitamini na peptidi: mmeuliza, tunajibu

Natumia metformini, dawa ya kisukari, mwaka wa sita. Nyayo zinawaka moto na kufa ganzi. Nichomwe B12?

Pima kwanza. Metformini ya muda mrefu hupunguza B12 mwilini, lakini kisukari chenyewe nacho huharibu neva za miguu, na dalili zake ni zilezile. Omba kipimo cha B12 pamoja na picha kamili ya damu. Ikiwa iko chini na neva zimeshaguswa, haidroksokobalamini (B12 ya sindano) mg 1 huchomwa kwenye msuli siku moja baada ya nyingine hadi nafuu isiongezeke tena, kisha kila baada ya miezi miwili. Usimeze foliki asidi (vitamini B9) peke yake: upungufu wa damu utarekebika huku neva zikiendelea kufa. Na metformini usiiache bila daktari.

Mwanangu kachomwa vitamini K pajani mara tu alipozaliwa. Kulikuwa na haja?

Ndiyo, kubwa. Maziwa ya mama yana vitamini K kidogo mno, na mtoto asiyechomwa anaweza kuvuja damu kwenye ubongo wiki za mwanzo.

Dripu ya vitamini C inaongeza kinga?

Kwa anayekula vizuri, hapana. Pera moja latosha kwa siku. Hatari ipo: huku pwani, penye malaria ya tangu enzi, wengi wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wakitiwa gramu nyingi mshipani, chembe nyekundu hupasuka, mkojo ukawa mweusi na macho yakawa manjano.

Nimenunua mtandaoni kichupa cha unga wa semaglutide, peptidi ya kushusha sukari na uzito, mg 5. Muuzaji kasema nivute "25".

Ishirini na tano ya nini? Dozi ya kuanzia ni mg 0.25 kwa wiki. Bomba la insulini husomwa kwa yuniti, na yuniti 100 ni mililita 1. Unga huo ukiuchanganya na mililita 1 ya maji, mg 0.25 ni yuniti 5 tu. Ukivuta 25 umejichoma mg 1.25, mara tano ya dozi, na baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo mwilini. Hata ukipatia hesabu, hakuna aliyekuhakikishia kilichomo wala usafi wake. Usiuchome. Kama umeshauchoma na kutapika hakukomi, nenda hospitali leo na kichupa hicho mkononi, uwaambie ulivuta yuniti ngapi na maji kiasi gani.